Kunururishwa si Kuwa Nururifu: Mionzi, Lugha na Maisha Kutoka Uwanda wa Konza

Utangulizi

Konza ni kituo kidogo cha reli katika Kaunti ya Machakos, yapata kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi, mahali ambapo reli ya Magadi huchepuka kutoka njia kuu ya Mombasa. Kwa muda mrefu jina hilo lilijulikana na wasafiri wa reli na wafugaji tu. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia katika ardhi ya Malili iliyo jirani, na tangu hapo Konza imekuwa ikitajwa kila panapozungumzwa sayansi na teknolojia nchini Kenya. Pamoja na sifa hizo zimekuja hofu. Minara ya simu inasemekana kutoa mionzi. Mgonjwa wa saratani anayerudi kutoka Nairobi anasemekana kuwa na mionzi. Mawe nayo yanasemekana kuwa na mionzi. Kwa upande wa lugha, mambo haya matatu ni kitu kimoja. Kwa upande wa fizikia, yanatofautiana kama moshi, joto na kuni.

Makala hii inachunguza tofauti hizo na kuonyesha kuwa Kiswahili kina zana za kisarufi za kuzibainisha. Suala hili si la wanafizikia peke yao. Nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini muuguzi wa Machakos anapomweleza mgonjwa kitakachomfika chini ya mashine, aghalabu humweleza kwa Kiswahili. Istilahi ikipotoka hapo, anayeumia ni mgonjwa.

Saa iliyofungwa katika jiwe

Inafaa kuanza na ardhi yenyewe. Uwanda wa Kapiti, ambamo Konza imo, umetandikwa jiwe gumu la rangi ya kijivu linaloitwa fonolaiti. Jina hilo linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia. Ni zaha iliyomiminika na kuganda takriban miaka milioni 13 iliyopita. Msomaji ana haki ya kuuliza: nani alihesabu?

Jibu limo katika potasiamu, ambayo fonolaiti inayo kwa wingi. Kati ya kila atomi 10,000 za potasiamu, iwe ya jiwe, ya ndizi au ya damu ya mtu, moja hivi ni ya aina iitwayo potasiamu-40, ambayo kiini chake hakijatulia. Bila kuguswa wala kuchomwa na chochote, kiini hicho hugeuka kuwa kiini cha elementi nyingine, na kinapogeuka hutoa mionzi. Haiwezekani kutabiri atomi ipi itageuka leo. Ila ikiwa zipo nyingi, nusu yake itakuwa imegeuka baada ya miaka bilioni 1.25. Muda wa namna hii huitwa nusumaisha. Atomi nyingi kati ya hizo hugeuka kalsiamu, na yapata moja kati ya tisa hugeuka gesi ya argoni. Zaha ikiwa bado ni uji wa moto, argoni hutoroka. Ikishaganda, argoni inayozaliwa hubaki imefungwa ndani. Mwanajiolojia hupima argoni iliyofungwa na potasiamu iliyobaki, kisha hukokotoa umri. Saa ya uwanda wa Kapiti ilianza kuhesabu kabla binadamu hajakuwapo, na haikusubiri kiwanda wala maabara.

Potasiamu hiyo hiyo imo katika muthokoi na maharagwe yanayopikwa Ukambani kila siku. Katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70 hivi, atomi zaidi ya 4,000 za potasiamu-40 hugeuka kila sekunde. Mwili huhitaji potasiamu ili mishipa na misuli ifanye kazi, na hutoa inayozidi, hivyo kula ndizi nyingi hakumrundikii mtu mionzi. Juu ya hayo kuna mionzi inayotoka anga za juu. Konza iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoikinga ni nyembamba kuliko inayoikinga Mombasa. Kwa hiyo mkazi wa Konza hupata mionzi hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko nduguye wa Likoni. Tofauti hiyo ni ndogo, na hakuna aliyewahi kuhama bara kwa ajili yake.

Mzigo wa neno "mionzi"

Kwa mzungumzaji wa kawaida, mwonzi ni mwale wa jua: unaoonekana, unaopasha joto, unaopenya dirishani asubuhi. Neno lilipochukuliwa na sayansi lilibebeshwa mengine yasiyoonekana wala kuhisika. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Mwaka uliofuata Henri Becquerel aligundua kuwa chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe, na mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza poloniamu na radiamu. Baadaye yakaja mawimbi ya redio na ya simu. Mambo haya yote yakaitwa mionzi.

Wanaistilahi waliona tatizo. Katika kazi ya usanifishaji iliyozaa, miongoni mwa vitabu vingine, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), wataalamu walijitahidi kuipa sayansi msamiati wake. Katika uwanja huu istilahi zilizoenea vitabuni ni mnururisho, yaani utoaji na usambaaji wa nishati kwa mionzi. Unururifu, yaani tabia ya kiini cha atomi kugeuka chenyewe na kutoa mionzi. Na nururifu, kivumishi cha kitu chenye tabia hiyo. Shina lake ni nuru. Hapo pana kasoro ambayo haina budi kutajwa: nuru katika Kiswahili ni mwanga, tena ni mwanga wenye baraka, mtu hutakiwa kuwa na nuru usoni. Mnururisho wa kiini cha atomi hauonekani na hauna baraka wala laana. Hata hivyo, kasoro ya shina inafidiwa na faida ya mnyambuliko, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kabla ya hapo, jambo la mnara. Mionzi yote ni nishati inayosafiri, lakini hailingani kwa nguvu. Ile yenye nguvu ya kutosha kung'oa elektroni kutoka atomi huigeuza atomi kuwa ayoni, nayo huitwa mionzi ya kuayonisha. Eksirei, gama, alfa na beta zimo katika kundi hili. Ikipita katika seli inaweza kukata nyuzi za DNA, na seli iliyokosea kuzitengeneza huweza kuzaa saratani baada ya miaka mingi. Mawimbi ya redio, ya simu na ya maikrowevu hayana nguvu hiyo. Chembe moja ya nishati ya wimbi la simu ina nguvu ndogo kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni kwa mamilioni ya mara, na kuongeza idadi ya chembe hakubadili jambo hili, kama vile mchanga utupwao ukutani hauvunji ukuta ambao jiwe moja lingeutoboa. Athari yake iliyothibitishwa ni joto. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwapo ulikuwa finyu na haukutosha kuyatia hatiani wala kuyaondolea shaka yote.

Mpakani mwa makundi hayo mawili kuna urujuanimno wa jua. Huo una nguvu ya kuharibu ngozi, na katika Afrika Mashariki umewaua watu wenye ualbino kwa saratani ya ngozi. Ni ajabu kwamba mzazi ataandamana kupinga mnara, na kesho yake amwache mtoto mwenye ualbino acheze juani saa sita bila kofia wala shati la mikono mirefu. Mwonzi unaotisha ni ule uliopewa jina la kigeni. Ule wa zamani umezoeleka.

Kunururishwa na unururifu

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Mwanafunzi wa sarufi anajua kuwa kitenzi haribu huzaa haribiwa na vilevile huzaa haribifu. Shamba lililoharibiwa na nguruwe si shamba haribifu. Kauli ya kutendwa hueleza lililomfika mtu au kitu. Kivumishi kinachoishia kwa -fu au -vu hueleza tabia iliyomo ndani yake. Ndivyo ilivyo pia kwa nururisha: kunururishwa ni kupitiwa na mionzi, kuwa nururifu ni kuwa na chanzo cha mionzi ndani yako. Lugha imeweka mpaka huo waziwazi. Mazungumzo ya kila siku huufuta kwa kusema "ana mionzi".

Chukua mgonjwa aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mashine ya nje. Mitaani tiba hiyo huitwa kuchomwa, neno ambalo peke yake linatosha kumfanya mtu akimbie. Katika mashine nyingi za siku hizi eksirei huzalishwa kwa umeme. Umeme ukikatwa, mionzi imekwisha papo hapo, kama taa iliyozimwa isivyoacha mwanga chumbani. Katika mashine za kobalti-60 mionzi ya gama hutoka katika chanzo kilichofungwa ndani ya kichwa cha mashine, na chanzo hicho hubaki humo. Mionzi humpitia mgonjwa, hufanya kazi yake katika seli, basi. Mgonjwa amenururishwa, hakuwa nururifu. Anaweza kupakata mjukuu jioni ile ile. Anaweza kula sahani moja na wenziwe. Kumtengea kikombe chake, kumlaza chumba cha uani na kumzuilia watoto ni kumwadhibu kwa kosa la kisarufi.

Wapo, hata hivyo, wagonjwa ambao habari yao ni tofauti, na ukweli unadai watajwe. Anayetibiwa tezi ya shingoni kwa kumeza iodini-131 amemeza chanzo chenyewe. Nusumaisha yake ni siku 8, na nyingine hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Huyu kwa siku kadhaa ni nururifu kweli, na hospitali humpa masharti: asikae karibu na wajawazito na watoto, avute maji ya choo zaidi ya mara moja, alale peke yake. Masharti hayo yana tarehe ya mwisho. Kwa uchunguzi hutumika vitu vya muda mfupi zaidi: teknetiamu-99m ina nusumaisha ya saa 6, na florini-18 ya dakika 110. Muda huo wa mwisho ni mfupi kiasi kwamba dawa yenyewe haiwezi kuwekwa ghalani. Ndiyo sababu Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, inayotoa uchunguzi wa aina hiyo, ina saiklotroni yake ya kuitengenezea. Muuguzi akimwambia kila mgonjwa "una mionzi", yule wa mashine ya nje ataogopa bure, na yule wa iodini, akisikia kuwa mwenzake aliogopa bure, ataacha masharti. Neno moja limewapoteza wawili kwa njia zilizopingana.

Mfano unaopendeza zaidi unatoka Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8 yaliyokuzwa Tanga yalinururishwa kwa gama hadi yakawa tasa, kisha yakamwagwa kisiwani kutoka kwa ndege. Majike yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na ng'ombe wa Unguja wakaokolewa na nagana. Madume hayo yaliruka juu ya mashamba ya watu, na hakuna aliyeathirika kwa mionzi kwa sababu wadudu hao hawakuwa nururifu. Walikuwa wameotea moto tu. Aotaye moto hawi moto; aliyejipaka masizi ndiye anayeondoka nayo na kumpaka amshikaye.

Kuhusu kiasi

Kipimo kinachotumika kukadiria madhara mwilini ni milisiveti. Kwa wastani wa dunia mtu hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka asili: mawe, chakula, anga za juu, na zaidi ya yote radoni, gesi inayotoka ardhini na kujikusanya katika nyumba zisizopitisha hewa. Picha ya kawaida ya kifua kwa eksirei ni milisiveti 0.1 au pungufu ya hapo. Uchunguzi wa tumbo kwa mashine ya CT unaweza kufikia 8 au 10, yaani sawa na mionzi ya asili ya miaka mitatu au minne. Wengi husema "nimepigwa picha" kwa vyote viwili. Tabia ya kudai picha ya CT kwa kila maumivu ya kichwa, kana kwamba kulipia zaidi ni kupona zaidi, inastahili hofu ambayo watu wameielekeza kwa mnara. Si kwamba CT ni mbaya. Palipo na ajali au uvimbe huokoa maisha, na kuikataa kwa woga ni hatari kubwa kuliko mionzi yake. Swali la kumuuliza daktari ni dogo: je, jibu la picha hii litabadili matibabu? Na mwanamke mjamzito aseme kwanza.

Alama isiyosomeka

Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu waliichukua mashine ya tiba iliyoachwa katika kliniki tupu wakaivunja kwa ajili ya chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa seziamu-137 uliong'aa kwa rangi ya samawati gizani. Walishangaa, wakagawiana, wengine wakajipaka. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu nururifu, na wanne wakafa. Miaka 13 baadaye, huko Samut Prakan, Thailand, wakusanya chuma chakavu walifungua kichwa cha mashine ya kobalti-60. Watatu wakafa. Tofauti ya mikasa hii miwili ni ile ile ya sarufi: unga wa Goiânia uliambatana na ngozi, nguo na vitanda vya watu, nao wakawa wabebaji, kobalti ya Samut Prakan ilikuwa vipande vya metali, ikawanururisha waliokuwa karibu bila kuwafanya nururifu. Waliowauguza wale wa Thailand hawakuwa na la kuogopa kutoka kwa miili yao.

Mashine ya Samut Prakan ilikuwa na alama ya tahadhari, ile ya mapanga matatu yanayozunguka kitone, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1946. Walioifungua hawakujua maana yake. Kwa mwanasemiotiki hili halishangazi, maana alama hiyo ni ya nasibu tupu. Asiyefundishwa anaweza kuiona kuwa ua, au feni. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likatafuta alama ya pili. Michoro ilijaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Iliyoshinda ilitangazwa Februari 2007: pembetatu nyekundu yenye mapanga yanayotoa mawimbi, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Hubandikwa karibu na chanzo chenyewe, ndani ya kifuniko, ili anayekifungua aikute kabla hajafika mbali.

Mkaguzi wa Kenya katika mambo haya, tangu Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, ni mamlaka iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi, ambayo iliundwa chini ya sheria ya mwaka 1982. Vyanzo vya mionzi havimo hospitalini tu. Vimo katika viwanda vinavyopima unene wa karatasi na ujazo wa matangi, na katika ujenzi wa barabara kupimia ushindiliaji wa udongo, kazi ambayo eneo la Konza limekuwa nayo kwa wingi. Umbali mfupi kutoka hapo, Athi River, kuna viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu kinacholetwa kwa mikokoteni na malori na watu ambao hawakufundishwa fizikia kwa lugha yoyote.

Picha ya mtu anayekimbia humwambia mkusanya chuma jambo moja, naye akilitii ataokoka. Haimwambii kama amwoshe mwenziwe aliyekigusa au ampeleke hospitali tu, wala kama avue nguo alizovaa na aziache nje. Maswali hayo hujibiwa kwa maneno, na jibu linategemea kama mwenziwe amenururishwa au amepakwa uchafu nururifu. Karatasi ya maelezo ya Kiswahili ya kubandika kwenye yadi za chuma chakavu, yenye vitenzi hivyo viwili vilivyotenganishwa na mfano wa moto na masizi pembeni, ni kazi ya kurasa mbili. Inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa isimu akikaa meza moja na mwanafizikia kwa alasiri moja, kisha ijaribiwe Athi River kwa njia ile ile iliyotumika kwa alama ya mwaka 2007: msomee mtu, muulize atafanya nini, na uandike alichojibu.